Lita Mbili na Nusu kwa Kila Ndama

Jumatatu, 2 Machi

Kibali cha kusafirisha ndama kimetoka leo, na kimetoka kikiwa na kamba shingoni. Daktari wa mifugo alikisaini mbele yangu, akakigeuza, na nyuma yake akaandika kwa mkono: wakifa ndama kumi na watano msimu huu, njiani au ndani ya siku saba baada ya kushuka, kibali kinarudi mezani kwake na hakitoki tena. Safari ni tano, ndama sabini na wawili kila safari, jumla mia tatu na sitini. Nikamuuliza hiyo kumi na tano ameitoa wapi. "Kwa waliokutangulia kushindwa, mama," akasema. Kijana hapandishi sauti hata kidogo, na ndiyo maana anachukiza.

Wasafirishaji wengine hawaandikiwi chochote nyuma ya karatasi. Mimi naandikiwa kwa sababu nilianza bila mume, bila baba na bila gari, nikiswaga ndama wawili wawili kwa miguu, na leo nina lori la ghorofa mbili na zizi la kupumzishia. Ukipanda bila ngazi, watu hukutafutia ngazi ya kukushushia.

Jumatano, 4 Machi

Lori limekaguliwa. Vizimba sita, vitatu chini na vitatu juu, ndama kumi na wawili kila kimoja. Kila kizimba kina chuchu tatu za chuma: mnyama akiisukuma kwa mdomo maji yanatoka, akiiacha yanakata. Nilizinunua kwa mfugaji wa nguruwe aliyefunga mabanda. Njia za mabomba nilizichora mwenyewe, fundi akachomelea. Tangi la lita mia tatu lina kioo chenye alama, naweza kusoma kila tone lilikokwenda. Sheria inasema baada ya saa tisa barabarani lori lisimame saa nzima, wanyama wanywe. Wenzangu husimama na ndoo mbili za kuonyesha askari. Mimi nina chuchu kumi na nane.

Daktari alizibonyeza moja moja kwa kidole gumba, zote zikatema maji. Kwenye fomu, mstari wa "Maji", akaandika: yapo.

Jumamosi, 7 Machi

Ndama wameanza kuingia zizini. Wote dume, wa siku kumi hadi kumi na nne. Mashamba ya maziwa hayataki dume, yanataka yale maziwa ambayo dume angeyanywa. Kwa hiyo wanakwenda kwa mnenepeshaji, saa ishirini na mbili barabara ikiwa kavu. Mnenepeshaji mwenyewe ni mwembamba kama ufito. Mdogo wangu, ambaye ndiye dereva wangu, anasema kule chakula chote kinaishia kwa ng'ombe.

Wa kunywesha ni wifi, mke wa mdogo wangu. Anaingia na chupa mbili zenye chuchu za mpira, na ndama asiyejua chupa anampa kidole kwanza, anyonye, kisha anachomoa kidole na kuingiza chupa kama mwizi wa mfukoni. Nilimpima: dakika nne kwa ndama mmoja.

"Wifi, dakika nne ni nyingi."

"Wewe ulinyonya dakika ngapi?"

"Mimi nilianzishiwa uji mapema."

"Inaonekana," akasema, na ndama akampiga kikumbo cha tumbo wakati anacheka.

Jumanne, 10 Machi

Wamepanda 72. Wameondoka saa moja kamili asubuhi.

Jumatano, 11 Machi

Wameshuka 72. Tangi limeshuka lita 180. Gawanya kwa 72: lita mbili na nusu kwa kila ndama. Ningependa daktari aone hesabu hii ikiwa imetundikwa ukutani.

Jumatatu, 16 Machi

Mnenepeshaji amepiga simu. Wawili wamekufa, mmoja siku ya tatu, mwingine ya tano. Kuhara, anasema. Wawili katika sabini na wawili si kitu. Nimeandika 2.

Alhamisi, 19 Machi

Mvua ya kwanza. Zizi linavuja pembeni.

Jumanne, 24 Machi

Wamepanda 72. Mvua.

Alhamisi, 26 Machi

Wameshuka 71. Mmoja alikuwa ameshakufa kizimba cha tatu, wenzake wamemlalia.

Mdogo wangu amerudi na macho mekundu. Alikaa kwenye ngazi ya ofisi, hakuingia.

"Dada, hawa hawanywi."

"Tangi limeshuka au halikushuka?"

"Limeshuka."

"Lita ngapi?"

"Mia na themanini na kitu."

"Gawanya kwa sabini na mbili."

Akavua viatu, kimoja kimoja.

"Mbili na nusu," nikamwambia. "Kama ndama hawanywi, basi nani anakunywa? Wewe?"

"Naona wanasukumana tu pale kwenye vyuma."

"Wanasukumana kwa sababu wana kiu, wanagombania. Ulitaka wapange foleni?"

Akavaa viatu vyake akaenda kulala. Mtu akichoka huona mambo.

Jumatano, 1 Aprili

Wawili zaidi kwa mnenepeshaji. Jumla 5. Si utani wa siku ya wajinga, nilimuuliza mara mbili.

Ijumaa, 3 Aprili

Mvua. Ndama wapya zizini wanakohoa. Kikohozi cha ndama ni kidogo, kama mtu anayebisha mlango akijua hatafunguliwa.

Jumanne, 7 Aprili

Wamepanda 72. Barabara imekatika mahali pawili, wanazunguka.

Jumatano, 8 Aprili

Saa ishirini na sita. Wameshuka 70. Tangi limeshuka lita 205. Ina maana wanakunywa zaidi kuliko zamani, na wanakufa zaidi kuliko zamani. Nimeliandika mara tatu na bado halikai sawa. Ikiwa maji yapo, tatizo liko upande mwingine. Ni mwendo wa lori, au ni maziwa wanayopewa kabla ya kupanda. Watu wenyewe ni wawili, na wote ni wa nyumba moja.

Jumanne, 14 Aprili

Wawili wengine. Jumla 9.

Nimepima magunia ya unga wa maziwa. Kwa ndama 72, siku tano, milo miwili kwa siku, kipimo gramu 250, inatakiwa kilo 180. Zimetumika 184. Nilimwita wifi. Sikumwita pembeni, nilimwita pale pale zizini.

"Kilo nne zimekwenda wapi?"

"Kuna saba walikuwa dhaifu, niliwaongeza."

"Uliniambia?"

"Ulikuwa unahesabu."

"Kilo nne, wifi. Kuna watu wana watoto wadogo nyumbani, wanajua ladha ya unga huu."

Nilipolisema hilo nilijua limeshatoka, halirudi. Aliweka chupa chini, moja baada ya nyingine, zote mbili, akajifuta mikono. Ndama aliyekuwa anamnywesha akamfuata akitafuta vidole vyake.

"Watoto wangu walinyonya kwangu mimi," akasema. "Na hawa wako, wifi, usinisingizie kuwa ni maziwa. Hawa wanajua kidole. Hawajui chuma. Unawapandisha kwenye lori lenye chuma kitupu halafu unauliza."

"Kidole hakina lita."

"Ndiyo. Wewe nenda na lita zako."

Ametoka na kanga yake begani. Kazi yake nitaifanya mwenyewe.

Alhamisi, 16 Aprili

Nimewanywesha wote sabini na wawili kwa dakika mbili na robo kila mmoja. Mgongo unaniuma. Wengi wanaitema chupa, inabidi kuwashika taya.

Mdogo wangu anaongea nami kwa maneno ya kazi tu. "Matairi." "Dizeli." "Saa ngapi."

Jumanne, 21 Aprili

Wamepanda 72. Mvua tangu alfajiri.

Jumatano, 22 Aprili

Saa ishirini na saba. Wameshuka 70. Lita 210.

Jumatatu, 27 Aprili

Wawili. Jumla 13.

Daktari alipita bila taarifa. Alisimama kwenye uzio akiwaangalia ndama wa safari ya mwisho, mikono mfukoni, koti linachuruzika. Aliniuliza nadhani ni nini. Nikasema nachunguza mwendo wa dereva. Akaniuliza dereva ni nani. Nikasema mdogo wangu, tumbo moja. Akaandika kitu. Nilitaka kumuuliza kaandika nini lakini niliona nitaonekana naogopa.

Bado wawili. Akifa wa kumi na tano, lori hili linakuwa bati la kubebea mchanga.

Jumatano, 29 Aprili

Mvua.

Jumamosi, 2 Mei

Mvua. Kuna ndama mweupe miguuni ananyonya kila kitu: kitasa cha mlango, ncha ya kamba, pindo la gauni langu. Nimemfunga mbali.

Jumatatu, 4 Mei

Kesho nitapanda mwenyewe. Nimemwambia mdogo wangu nakwenda kuhesabu breki zake. Akasema, "Hesabu."

Alhamisi, 7 Mei (ya Jumanne na Jumatano, sikuweza kuandika njiani)

Nilipanda saa moja kasoro. Mdogo wangu alifuta kiti cha abiria kwa mkono wa shati. "Karibu, polisi." Nilifungua daftari magotini, nikachora mistari: breki kali, kona kali, mwendo. Hadi saa kumi alasiri nilikuwa na breki kali tatu, moja ya mbuzi aliyevuka na mbili za mashimo. Mtu huyu anaendesha kama amebeba mayai ya mwenyewe. Nilikasirika, maana nilikuwa nimejiandaa kukasirika kwa jambo jingine.

Tulisimama kwenye uwanja wa mizani ambako yeye husimama siku zote. Alizima injini. Hapo ndipo nilipowasikia.

Nilitegemea vilio. Hawakuwa wanalia. Ilikuwa sauti ya kunyonya. Ghorofa ya chini, ghorofa ya juu, kulia, kushoto, midomo sabini na miwili inanyonya na hakuna kinachonyonywa. Nilipanda ubavuni nikachungulia. Walikuwa wananyonya masikio ya wenzao, vitovu vya wenzao, mikia, vyuma vya vizimba, hewa. Masikio mengine yalikuwa yamelowa na kuchubuka.

"Wape maji," nikasema.

"Valvu imefunguliwa tangu asubuhi, dada. Maji yapo."

Nikaingia kizimba cha nne na penseli. Niliamua kumwandika kila atakayekunywa, chuchu kwa chuchu, ili tumalize ubishi. Nilisimama robo saa. Ndama mmoja aliisogelea chuchu ya kwanza, akailamba, akarudi nyuma kama aliyeungua. Mwingine aliiegemea kwa bega, maji yakaruka yakampiga mwenzake mgongoni, yule akatetemeka. Wa tatu aliegemea. Wa nne. Kila lori likiyumba tangu asubuhi walikuwa wameegemea hivyo hivyo. Niliangalia chini: maranda ya mbao ya kulalia yalikuwa yameloa hadi vifundo vya miguu yangu, baridi, na ndama wawili wamelala humo humo.

Nikaandika sifuri. Nikaenda kizimba cha tano, sifuri. Cha sita. Nikashuka chini. Saa nzima ilipoisha nilikuwa na sifuri kumi na nane, moja kwa kila chuchu, na tangi lilikuwa limeshuka lita mia moja na kumi.

Nilimshika yule mweupe miguuni, nikamtia chuchu ya chuma mdomoni kwa nguvu, nikaibonyeza. Alitafuna mara moja, akakohoa, maji yakatoka puani. Nikaichomoa. Nikampa kidole. Alikivuta kwa ulimi ule wa msasa kwa nguvu kiasi kwamba nilisogea hatua moja.

Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni pa kizimba.

"Nilikwambia safari ya pili," akasema.

"Uliniambia."

"Ukasema nigawanye."

Nikageuza ukurasa wa daftari. Mbele yetu kulikuwa na saa kumi na tatu, au kumi na nane kwa mvua ile. Nyuma, saa tisa. Kwa vyovyote walikuwa hawajapata kitu tangu chupa yangu ya alfajiri, ile ya dakika mbili na robo. Sabini na wawili mara dakika nne ni dakika 288. Watu wawili, dakika 144. Saa mbili na nusu.

"Mpigie mkeo," nikasema.

Alipiga. Niliisikia sauti ya wifi ikitoka kwenye simu, kubwa, bila salamu: "Mwambie asome kioo cha tangi!" Mdogo wangu akanipa simu hivyo hivyo.

"Wifi," nikasema. "Hawajanywa. Safari zote. Hakuna hata mmoja aliyekunywa."

Nilisikia sufuria ikiwekwa chini.

"Mko wapi?"

"Mizani."

"Kuna mama anauza chai hapo. Achemshe maji, myachanganye yawe vuguvugu, pima kwa kiwiko kama ya mtoto. Sukari na chumvi kidogo. Ndoo iwe chini. Mpe kidole, akikishika shusha mkono ndani ya maji taratibu, akufuate. Usimkandamize kichwa, maji yataingia mapafuni."

"Dakika ngapi kila mmoja?"

"Mpaka aachie mwenyewe, wifi."

Akakata.

Mama wa chai alituchemshia sufuria tatu, akaja na ya nne bila kuombwa. Alitazama ndani ya lori akauliza, "Watoto wote hawa ni wenu?" Mdogo wangu akasema, "Ni wa dada, mimi ni mjomba tu." Ndiyo mara ya kwanza nimemsikia akitania tangu kilo zile nne.

Tulifunga valvu, tukatupa maranda yaliyoloa, tukaanza. Wa kwanza alinichukua dakika saba. Wa kumi, tatu. Wengine walikunywa hadi tumbo likalia. Wengine walinyonya kidole na kukataa maji, ikabidi nianze upya, na upya. Wawili wa kizimba cha tatu hawakuinuka. Niliwalowesha midomo kwa kidole tone kwa tone, na mmoja alikuwa ananyonya huku amefumba macho, taratibu, kama anayekumbuka. Tulimaliza giza limeshaingia. Vidole vyangu vilikuwa vimekunjamana na kuchubuka, na bado navisikia vikivutwa hata sasa nikiandika.

Tulifika kwa mnenepeshaji asubuhi. Walishuka 72, wawili wakiwa wamebebwa.

Jumamosi, 9 Mei

Mmoja wa wale waliobebwa amekufa jana. Jumla 14.

Jumatatu, 11 Mei

Siku ya tano. Kimya. Nimeng'oa chuchu zote kumi na nane, nimezitia kwenye gunia. Simu ikilia nashtuka.

Jumatano, 13 Mei

Siku ya saba imeisha leo jioni. Kumi na wanne. Kibali ni changu.

Nilikwenda kwa wifi. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, hakuninyanyukia, na sikutegemea.

"Nilikosa," nikasema. "Kwa unga, na kwa neno la watoto."

"Kwa unga nimekusamehe," akasema. "Neno la watoto bado lipo."

"Utarudi zizini?"

"Nitarudi kwa ndama. Si kwako." Akapepeta. "Hao kumi na wanne, ni wote?"

"Ni wote. Siku saba zimeisha."

"Na baada ya siku saba?"

"Baada ya siku saba hawahesabiwi."

Aliacha kupepeta, akanitazama mara ya kwanza tangu niingie. "Sijauliza wanahesabiwa. Nimeuliza walikufa wangapi."

Alhamisi, 14 Mei

Nimempigia mnenepeshaji saa mbili asubuhi. Kabla sijauliza kitu akasema wawili wa safari ya mwisho wamekufa usiku, lakini nisiwe na wasiwasi, ni siku ya nane.

"Na wale wa safari nyingine?" nikauliza. "Baada ya siku saba?"

"Mama, hukuwahi kuuliza hayo."

"Nauliza sasa."

"Wewe uliniambia siku saba. Nikakujibu siku saba."

"Unayo kwa maandishi?"

"Ninayo. Na mimi ninahesabu." Nilisikia karatasi. "Safari ya kwanza, watatu. Ya pili, watano. Ya tatu, sita. Ya nne, saba. Na hawa wawili wa usiku. Wengi ni mapafu na kuhara. Walikuja wamekauka, mama. Ukibana ngozi ya shingo inabaki imesimama. Nilidhani unajua."

Ishirini na watatu. Na kumi na wanne. Thelathini na saba katika mia tatu na sitini, karibu mmoja katika kila kumi. Niliijumlisha mara moja tu, haikuhitaji ya pili.

Mvua imekatika. Lori liko uwanjani, limeoshwa, milango ya vizimba iko wazi. Jana shamba moja la maziwa limeniuliza kama msimu ujao naweza kuchukua mia na ishirini kwa mwezi.

Nilikaa na simu mkononi mpaka kivuli cha lori kikafika mlangoni. Kisha nikampigia daktari. Alipokea akiwa mchangamfu kuliko nilivyowahi kumsikia.

"Hongera, mama. Kumi na wanne. Umepita kwa mmoja."

"Uko ofisini?" nikamuuliza.

"Niko ofisini."

"Chukua kalamu."